Usiku mmoja Mlima Elgon, na ile njia ya kwenye ramani

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliahidi sehemu ya pili ya ile makala kuhusu hifadhidata, na wachache wenu mmeniandikia kuuliza imekwama wapi. Haijakwama. Aliyekwama ni mimi, tena kwa maana halisi: kwenye tope, ndani ya hifadhi ya taifa, nikiwa na watoto wawili garini. Hifadhidata itangoja wiki nyingine. Leo naandika kuhusu kupiga kambi mlimani kwa gari, na kuhusu mstari mmoja mwembamba kwenye ramani. Vumilieni hadi mwisho mtaona kwa nini habari hii nimeileta hapa, mahali ambapo kwa kawaida tunaongea programu.

Kwa wageni: ninaishi Bungoma mjini. Kazi yangu ni kuandika programu, ofisi yangu ni meza moja karibu na dirisha, na asubuhi isiyo na mawingu dirisha hilo linaonyesha Mlima Elgon, ambao sisi Wabukusu tunauita Masaba. Nimeutazama mlima huo maisha yangu yote. Lakini kulala huko, kwa hema, sikuwahi mpaka likizo ya Agosti mwaka jana.

Wazo lilikuwa la shemeji yangu wa Kitale. Huku kwetu tunaitana "mulamwa", na mulamwa wako akikuambia twende, huwezi kukaa nyumbani ukaonekana mwoga. Ana gari kuukuu la Toyota, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, ambalo analipenda kama ng'ombe wa mahari. Alikuwa hajawahi kulitumia gia ile ndogo hata siku moja. Nilijua hilo, nikanyamaza. Hilo lilikuwa kosa la kwanza.

Tulikuwa wanne: mulamwa, mtoto wake wa miaka 9, binti yangu wa miaka 12, na mimi. Nilitoka Bungoma na binti yangu mapema, tukapitia Webuye, Kamukuywa na Kiminini hadi Kitale. Pale tulinunua mboga, mkaa na mablanketi mawili ya mitumba, tukalipia kiingilio kupitia eCitizen wakati mtandao bado upo, halafu tukashika barabara ya Endebess hadi lango la Chorlim.

Mke wa mulamwa alifanya jambo moja kabla hatujaondoka ambalo wakati ule nililiona kama wasiwasi wa bure. Alitaka kujua tutalala kambi gani, tutapita barabara gani, na tutampigia saa ngapi. "Saa moja jioni kesho," mulamwa akasema. "Nisiposikia nawapigia watu wa lango," akajibu. Tulicheka. Shikilieni hapo, tutarudi.

MLIMA WENYEWE

Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon upande wa Kenya ilitangazwa mwaka 1968 na ina ukubwa wa kilomita 169 za mraba. Si kubwa. Lakini ndani ya eneo hilo dogo unapanda kutoka msitu wa miti mikubwa, podo na mierezi, unaingia kwenye mianzi, halafu unatokea juu kwenye nyasi na mimea ya ajabu isiyopatikana bondeni. Barabara ya gari inafika zaidi ya mita 3,500 juu ya bahari, na kutoka hapo unaenda kwa miguu kuelekea kilele cha Koitobos, mita 4,222. Kile kirefu kuliko vyote, Wagagai, mita 4,321, kiko upande wa Uganda.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri sana. Tulipiga hema katika kambi ya umma isiyo mbali na lango, tukatembelea pango la Kitum. Kama hujawahi kulisikia, hili ndilo pango ambalo ndovu huingia usiku, gizani kabisa, kuchimba chumvi ukutani kwa pembe zao. Kuta zina alama za pembe. Binti yangu aliweka kidole kwenye mchirizi mmoja akauliza kama ndovu huyo bado yupo. Afande aliyetusindikiza alisema ndovu wa mlima huu waliuawa sana na majangili miaka ya 1980, na waliobaki ni waoga, huwaoni kirahisi.

Hatukuingia ndani sana, na nawaomba nanyi msiingie ovyo. Mwaka 1980 na tena mwaka 1987 watu wawili waliokuwa wametembelea pango hilo waliugua homa ya Marburg wakafa. Leo inajulikana kwamba virusi hivyo hubebwa na popo wakubwa wanaokula matunda, wale wanaolala mapangoni. Usiguse popo, usiguse kinyesi chao, usimpeleke mtoto kwenye kona walikojazana ili apige picha. Sisi tuliishia mahali penye mwanga wa mlangoni, inatosha.

Jioni tulipika ugali na sukuma, watoto wakaimba, mulamwa akaniambia maisha ya kompyuta yamenipotezea miaka mingi. Sikuwa na la kumjibu.

NJIA YA MKATO

Siku ya pili tulipanda na gari hadi karibu mwisho wa barabara. Tulikaa huko juu kuliko tulivyopanga, maana mawingu yalifunguka ghafla tukaona nchi yote chini, na nani ataondoka wakati huo? Saa tisa mchana mawingu yakajifunga tena. Wakazi wa Kitale mnajua mvua ya Agosti: haibishi hodi mara mbili.

Tulikuwa tumemwambia mke wa mulamwa, na watu wa lango, kwamba tutateremka kwa barabara ile ile tuliyopanda. Lakini simu yangu ilikuwa na ramani niliyopakua mapema ili itumike bila mtandao, na kwenye ramani hiyo kulikuwa na mstari mwembamba wa nukta nukta, unatoka barabara moja hadi nyingine, unakata mzunguko mrefu. Kama mita 1,800 hivi. Nikamwonyesha mulamwa. "Hii itatuokolea nusu saa," nikasema.

Sitataja ni sehemu gani, kwa sababu mtakazoziona mbele.

Mwanzoni ilikuwa njia kweli. Nyasi katikati, alama mbili za magurudumu za zamani, matawi yanakwaruza milango. Baada ya mita 300 hivi ikaanza kuteremka kwa ukali, na chini ya nyasi kulikuwa na udongo mwekundu uliolowa ukawa kama sabuni. Hapa ndipo pa kusimama, kushuka, na kutembea mbele kwa miguu kabla ya kupeleka gari. Sote wawili tulijua. Hakuna aliyetaka kulowa.

Gari likaanza kuteleza. Mulamwa akafanya kile ambacho kila mtu angefanya: akakanyaga breki. Magurudumu yakajifunga, usukani ukawa pambo tu, tukateremka kando kando kama mtu aliyeketi kwenye gome la mgomba, tukaingia kwenye mtaro upande wa kushoto na kuegemea ukingo. Kama ukingo usingekuwepo nisingekuwa naandika kwa utani. Chini yake kulikuwa na korongo.

Watoto hawakulia. Walinyamaza, na ukimya huo ulinitisha kuliko kilio.

Kisha tukafanya kosa lililo baya zaidi. Kwa nusu saa nzima tulijaribu kutoka kwa nguvu. Mbele, nyuma, mbele, nyuma, injini ikilia, magurudumu yakizunguka papo hapo na kurusha tope hadi juu ya paa. Kila mzunguko ulichimba zaidi. Tulipoacha, ekseli ilikuwa imelala kwenye udongo, na nyuma yetu mlima ulikuwa na mifereji miwili mirefu, mahali ambapo asubuhi palikuwa na nyasi.

USIKU

Saa kumi na mbili na nusu giza lilikuwa limeingia. Simu hazikuwa na mtandao, ila mara moja yangu ilidaka mnara wa ng'ambo na kunitumia ujumbe wa kunikaribisha Uganda, kisha ikanyamaza. Hema na mablanketi mengi tulikuwa tumeyaacha kambini. Garini tulikuwa na blanketi moja, jaketi zilizolowa, maji lita tano, ndizi, mkate nusu, na lile jiko dogo la makaa na mfuko wa mkaa nyuma.

Ukipanda mlima, hewa hupoa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000. Kitale yenyewe, ambayo iko mita 1,900 hivi, huwa na baridi usiku wa Agosti. Sisi tulikuwa juu yake kwa mita 1,000 au zaidi, tena tumelowa.

Saa tatu usiku mtoto wa mulamwa alianza kutetemeka vibaya. Meno yakigongana. Mulamwa akasema tuwashe jiko, tuliweke garini miguuni mwa watoto, tufungue kioo kidogo.

Nikakataa. Hapo ndipo tulipogombana, na sijawahi kugombana na shemeji yangu tangu nimwoe dada yake. Aliniambia mtoto wangu ana miaka 12 na ana mwili, wake ana 9. Alisema kweli. Lakini kila msimu wa baridi nchini tunasoma habari ya familia iliyoingiza jiko la makaa chumbani, ikalala, na haikuamka. Moshi wa makaa unaouona si tatizo kubwa. Hewa ya sumu usiyoiona na isiyo na harufu ndiyo inayoua, na gari ni chumba kidogo kuliko chumba chochote. Hema ni hivyo hivyo.

Tulifanya hivi: tukawavua watoto nguo zote zilizolowa. Mimi na mulamwa tukavua mashati makavu tuliyokuwa nayo chini ya jaketi, tukawavisha. Tukawakalisha kiti cha nyuma katikati yetu, ngozi kwa ngozi, blanketi juu ya wote wanne, mifuko mitupu ya mkaa miguuni. Tuliwapa ndizi kidogo kidogo. Injini hatukuithubutu, maana bomba la moshi lilikuwa limezikwa kwenye tope na moshi ungerudi ndani.

Karibu saa sita kitu kikubwa kilipita upande wa juu kikivunja matawi. Nyati au ndovu, sikuona. Tulizima tochi, tukatulia. Binti yangu akaninong'oneza, "Baba, anaenda kuchimba chumvi?" Nikamwambia ndiyo, anaenda kazini. Akalala.

Mimi sikulala. Niliwaza jambo moja tu: nani alichora ile njia? Nani huyo aliyekaa mahali pakavu akachora mstari na kusema hapa gari linapita? Nilianza kumtungia ujumbe kichwani. Ulikuwa ujumbe mkali.

ASUBUHI

Saa moja na nusu asubuhi tulisikia injini. Watu wa lango walikuwa wamepigiwa simu saa moja na dakika kumi jioni ile ile. Mke wa mulamwa hakungoja hata robo saa.

Sisi waandishi wa programu tunalijua jambo hili vizuri. Seva inatakiwa kutuma salamu kila dakika. Isipotuma, kengele inalia mahali pengine. Huitegemei seva iliyoanguka ikuambie kwamba imeanguka. Nimewawekea wateja mpango huo mara nyingi, lakini safarini mpango huo aliuweka shemeji yangu mwenye duka la nguo, na mimi nikamcheka.

Basi kwa nini hawakutupata usiku? Kwa sababu walitutafuta pale tuliposema tutakuwa. Waliipita barabara ile tuliyoitaja, mvua ikinyesha, hadi usiku mwingi. Mpango uliotajwa na kisha kubadilishwa kimya kimya ni mbaya kuliko kutotaja kabisa, maana unawapeleka watafutaji mahali pasipo na mtu. Alfajiri ndipo mmoja wao alipoona matawi yaliyovunjika kwenye mdomo wa njia ya zamani.

Kwanza waliwachukua watoto, wakawapa chai kutoka kwenye chupa. Halafu gari. Mulamwa alitoa kamba yake akataka kuifunga kwenye ile mpira ya chuma ya kukokotea trela. Afande mmoja, mzee wa makamo, akamzuia kwa mkono. Kamba ya kuvutia inajinyoosha, akaeleza, na chuma kile kikikatika kinaruka kama risasi. Watu wamekufa hivyo. Kamba hufungwa kwenye ndoano iliyofungwa kwenye chesisi, na wote wasio na kazi husimama mbali kuliko urefu wa kamba. Tulichimba kwanza mbele ya kila gurudumu, tukaweka mawe na matawi makavu yaliyoanguka, tukapunguza upepo wa tairi, ndipo wakavuta. Polepole. Likatoka bila kelele.

Nilidhani tumemaliza. Yule mzee akatoa mabeleshi mawili nyuma ya gari lao.

"Sasa tufunge," akasema.

Tulifukia mifereji ile kwa saa mbili. Alitueleza tukiwa tunafanya kazi, bila hasira. Njia ile ilikuwa imefungwa zamani ili nyasi zirudi. Kila gari linalopita linaacha mfereji, mvua inapata mahali pa kukimbilia, mfereji unakuwa mto mdogo, mto mdogo unakuwa korongo. Anayekuja baadaye anaona alama za magurudumu anasema, kumbe hapa watu hupita. Naye anapita.

Mto Koitobos unaanzia mlima huu. Unaingia Nzoia, na Nzoia hupita Webuye ukielekea Ziwa Victoria. Nimevuka daraja lile mara ngapi nikilalamika jinsi maji yalivyo mekundu? Sasa najua udongo ule hutoka wapi, na mabeleshi machache yake nayajua kwa jina.

Mwisho akaniuliza, "Nani aliwaonyesha njia hii?"

"Ramani," nikasema, nikamwonyesha simu.

Akaitazama kwa muda. "Huyu aliyeichora," akasema, "alifika hapa?"

NYUMBANI

Jumatatu nilikaa mezani kwangu Bungoma, binti akiwa na mafua tu, namshukuru Mungu, na mtoto wa mulamwa mzima kabisa. Nikafungua kompyuta kumtafuta mtu wangu.

Ramani ile inatumia data ya OpenStreetMap, ramani huria iliyoanza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuichangia. Uzuri wake ni kwamba kila mstari una historia: nani aliuchora, lini, na alitumia nini. Ni kama Git. Nikabonyeza mstari ule, nikafungua historia.

Jina lilikuwa langu.

Ilikuwa miaka mitatu nyuma, usiku wa Jumamosi, na chanzo kimeandikwa: picha ya setilaiti. Nikakumbuka. Niliwahi kusoma jinsi vijana wa Kibera walivyoanza kuchora mtaa wao mwaka 2009, mtaa ambao kwenye ramani nyingi ulikuwa doa tupu, nikasema nami nitafanya hivyo kwa magharibi. Nilichora barabara za Chwele, vichochoro vya Kimilili, mashule, visima. Kazi nzuri, bado najivunia. Na usiku mmoja nikapandisha ramani hadi msituni, nikaona mstari hafifu kati ya miti, nikaufuata kwa kipanya kwa sekunde kama ishirini, nikaandika kwamba ni njia ya gari, nikahifadhi, nikaenda kulala.

Wenzangu wa kazi mnajua hali hii. Unakuta mdudu mbaya kwenye programu, unatafuta ni nani mpumbavu aliyeandika mstari huu, na amri inakujibu jina lako. Kwa kawaida tunacheka. Safari hii sikucheka. Nilisikia meno ya mtoto yakigongana.

Ule ujumbe mkali niliotunga garini nikajisomea mwenyewe. Ulikuwa na haki yote.

Wazo la kwanza lilikuwa kuufuta mstari. Lakini nikiufuta, picha ya setilaiti bado inaonyesha alama ile, na sasa itaionyesha vizuri zaidi kwa ajili yetu. Mtu mwingine mwenye nia njema ataiona, atasema hapa pamesahauliwa, atauchora upya. Kwa hiyo nilimpigia kwanza yule afande kuthibitisha, kisha nikauacha mstari na kuuwekea alama kwamba njia imefungwa, magari hayaruhusiwi, pamoja na maelezo mafupi ya sababu. Programu za kuelekeza safari zinazosoma alama hiyo hazitampeleka mtu huko. Halafu nikapitia kila mstari niliowahi kuchora ndani ya hifadhi. Ilinichukua wiki mbili za jioni. Ile ambayo sikuweza kuthibitisha na mtu aliyewahi kuikanyaga niliiondolea madai kwamba gari linapita.

Lakini kuna jambo linaloniamsha usiku. Seva yangu ikiwa na mdudu naurekebisha mara moja, na kila mtu anapata toleo jipya. Ramani hizi watu wanazipakua, wanazibeba simuni, wanakwenda nazo mahali pasipo na mtandao, hata mwaka mzima bila kusasisha. Kuna simu huko nje, sijui ngapi, ambazo bado zina mstari wangu wa nukta nukta ukisema pita hapa. Siwezi kuufuta humo. Naweza tu kuandika hapa na kuwaomba: sasisheni ramani zenu kabla ya kila safari. Nyote.

NINAYOYAFANYA SASA

Tumerudi mlimani mara moja tangu hapo, mwezi wa Januari, wakati wa kiangazi. Mambo haya si ya kitabuni, ni ya tope.

1. Nachagua msimu. Kuanzia Desemba hadi Februari barabara za Elgon huwa kavu zaidi. Mvua ikishika kweli naacha gari chini.

2. Nauliza langoni asubuhi ile ile ni barabara zipi zimefunguliwa. Afande akisema moja na simu ikisema nyingine, simu inaingia mfukoni.

3. Mtu mmoja nyumbani ana mpango wangu na saa ya kengele. Nikibadilisha mpango bila kumwambia, sijabadilisha, nimepotea.

4. Sitoki nje ya barabara. Ni sheria ya hifadhi zetu zote, na mwendo wa juu ni kilomita 40 kwa saa. Penye dimbwi napita katikati polepole baada ya kupima kina kwa fimbo. Nikilizunguka naipanua barabara.

5. Gia ndogo naiweka kabla ya mteremko, si katikati yake. Gia ya kwanza, mguu mbali na breki, injini yenyewe ilizuie gari. Mulamwa alijifunza hili kwenye shamba la rafiki yake, gari tupu, bila watoto.

6. Upepo wa tairi naupunguza kwenye njia mbaya, kama kutoka 36 hadi 26, na pampu ninayo ya kuurudisha kabla ya lami.

7. Gurudumu likizunguka mara mbili papo hapo, naacha. Nashuka na beleshi.

8. Blanketi, nguo kavu, maji na chakula cha usiku mmoja havitoki garini hata kama hema liko kambini.

9. Makaa hayaingii ndani ya gari wala hema. Hata kidogo, hata kioo kikiwa wazi.

10. Nilichokwenda nacho narudi nacho. Plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi zetu tangu Juni 2020, kwa hiyo maji nabeba kwenye mtungi mkubwa. Chakula usiku hakilali ndani ya hema.

Na nyongeza kwa wale wasio na gari la namna hii na wanaodhani mambo haya si yao: nendeni Saiwa, hifadhi ndogo iliyo karibu na Kitale, iliyotangazwa mwaka 1974 kwa ajili ya kumlinda nzohe, yule swala wa majini. Huko hakuna kuzunguka kwa gari. Gari unaliacha langoni na unatembea juu ya mbao kwenye kinamasi. Nilimpeleka binti yangu Aprili. Tulimwona nzohe mmoja, majini hadi tumboni, akitutazama. Hatukuacha hata alama ya kiatu.

Januari tulipokuwa Elgon nilimwomba yule mzee anipeleke kwa miguu hadi kwenye njia yetu. Nyasi zimeanza kuota pale tulipofukia, ila mfereji mmoja ulikuwa umefunguka tena na maji ya msimu. Tulikuwa na beleshi. Binti yangu alishika la pili.

Hifadhidata wiki ijayo, naahidi. Na kama kuna mmoja wenu anayechora ramani huria usiku kama mimi, nina ombi moja tu. Kabla hujahifadhi, jiulize lile swali la yule mzee: wewe unayechora, umefika hapo?

Kwaherini kwa sasa.